Uliza Mhandisi: Breka imerudi kwenye testi, sawa, je uliijaribu ikatae?

Masika yakianza tu barua za safu hii zinageuka sura, wote mnauliza habari ya umeme kukata na kurudi wenyewe, wa majumbani mnauliza kwa upande wenu na mafundi wa rilei kwa upande wenu, kwa hiyo leo nimezipanga pamoja maana jambo ni lilelile. Kwa wasiolijua jina, kazi hiyo inaitwa otoriklozi, kwenye michoro utaiona imeandikwa namba 79, ni rilei ya ulinzi (kifaa kinachoangalia hitilafu kwenye laini) inaiamrisha breka (swichi kubwa inayokata na kurudisha umeme wa laini) ifunge tena yenyewe baada ya kutripu, yaani kufunguliwa kwa sababu ya hitilafu. Na nikisema breka imefungua maana yake laini haina umeme, nikisema imefunga maana yake umeme unapita, tusije tukachanganyana huko mbele.

Swali: Habari mhandisi. Nina saluni Mwanza. Mvua ikinyesha umeme unakata kidogo unarudi, unakata tena unarudi, mara ya tatu ndo unapotea jumla hadi jioni. Jirani yangu anasema kuna mtu anachezea swichi kule. Ni kweli? Na friji yangu itapona kweli? (Mama Saluni, Mwanza)

Jibu: Pole sana dada. Hakuna mtu anayechezea, huyo ni rilei anafanya kazi yake. Laini za juu ya nguzo hitilafu zake nyingi ni za kupita, wenye taaluma wanazitaja kuwa kama asilimia 80 hadi 90, yaani radi imepiga, ndege kagusa nyaya mbili, tawi limepuliziwa na upepo likaanguka chini. Na nyie mko ukanda wa Ziwa Victoria, moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Radi ikipiga, moto unaruka pembeni ya kikombe cha nguzo, kile kinachoshikilia waya, kupitia hewani, waya wenyewe haujaharibika, sasa ule moto ukishawaka unaendelea kulishwa na umeme wa laini mpaka umeme ukatwe. Breka ikifungua hata kwa nusu sekunde moto unazimika, hewa inarudi kuwa hewa, breka inafunga na maisha yanaendelea. Ndo kule kukata mara moja. Kikiwa kitu kimeng'ang'ania kweli, mfano mti umelalia nyaya, rilei inajaribu idadi iliyopangiwa alafu inasusa kabisa, hiyo tunaita lokauti, hapo mpaka watu watoke wakaangalie laini, na ndo maana unakaa hadi jioni.

Friji sasa. Kompresa ikizimwa na kuwashwa ndani ya sekunde chache inalazimika kuanza huku gesi ndani bado ina presha, inavuta kerenti kubwa na inachemka. Nunua kile kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha kuwasha dakika kama 3 hadi 5, na ukiona umekata mara ya kwanza na mvua inanyesha, chomoa.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko friji na naomba uwaambie watoto na wateja wako wote. Waya ukianguka chini mkasikia umeme umekata, USIJE ukasema umekufa. Rilei haioni kama waya uko chini au juu, yenyewe inahesabu sekunde zake na kurudisha umeme, na waya ukiangukia mchanga mkavu au lami saa nyingine kerenti inakuwa ndogo hata rilei isitripu kabisa. Kaeni mbali, zuieni watu, pigeni simu ya dharura ya shirika la umeme.

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi fundi wa kiwanda Tanga, tuna fida ya 33 kV yenye rilei ya kidijitali. Naingiza kerenti kwa mashine ya testi, rilei inatripu vizuri kabisa ila badala ya kurudisha inaenda lokauti. Setingi ni majaribio mawili, dedi taimu ya kwanza sekunde 0.5, ya pili 15, riklemu 30. Bosi anasema rilei imekufa tuagize nyingine. Nisaidie kabla hatujaingia gharama. (Fundi M., Tanga)

Jibu: Marahaba kijana wangu. Kwa wasomaji wengine, fida ni laini ya kusambaza umeme, jaribio ni kila mara rilei inaporudisha, dedi taimu ni muda wa kungoja kabla ya kurudisha, na riklemu ni muda wa breka kukaa imefunga salama ndo rilei ianze kuhesabu majaribio upya. Msiagize chochote kwanza. Kwa maelezo yako rilei inaonekana nzima, inachokosa ni habari za breka.

Fikiria rilei inaona nini. Imetoa amri ya tripu, sasa inasubiri mambo mawili, kerenti ipotee na breka iseme nimefungua. Breka inasema kwa kontakti zake saidizi, zile 52a na 52b, 52a inafuata breka na 52b iko kinyume chake. Wewe ukiwa kwenye testi bila shaka umetenga waya wa tripu kwenye testi bloki (pale pa kutenganisha nyaya za rilei wakati wa testi) ili breka ya kweli isiruke, kwa hiyo 52a inaendelea kusema breka imefunga! Rilei inasubiri muda wake, inaona nimetripu lakini breka haijafungua, inahitimisha kuwa breka imegoma na inazuia otoriklozi. Imefanya sawasawa kabisa, na ningesikitika kama isingefanya hivyo.

Kwa hiyo unahitaji breka ya bandia. Kuna visanduku vyake vya kununua, ila rilei ndogo ya kulachi, yaani inayobaki ilipogeuziwa, yenye koili mbili inatosha, tripu inaigeuza huku, amri ya kufunga inaigeuza kule, kontakti zake unazipeleka kwenye inputi za 52a na 52b. Au kama mashine yako ya testi ina autputi, ipange kwa hatua, hatua ya hitilafu iishe tripu ikitoka, ungojee milisekunde kama 60 hivi kuigiza breka inavyofungua, alafu zima kerenti na ugeuze 52a na 52b, kisha subiri amri ya kufunga, ikitoka geuza tena. Wengi wanaacha kerenti inaendelea kwenda wakati breka eti imefunguka, rilei inaona kerenti kwenye breka iliyofunguka na inaingia kwenye ulinzi wa breka iliyogoma.

Ukishamaliza hilo na bado inakataa, angalia hatua yako ya kabla ya hitilafu ni ndefu kiasi gani. Rilei nyingi baada ya breka kufungwa haziko tayari mpaka riklemu ipite, yako ni 30, sasa kama umeweka hatua ya kawaida ya sekunde 2 alafu unapiga hitilafu, yenyewe inaelewa kwamba breka imefungwa sasa hivi juu ya hitilafu, na breka iliyofungwa kwa mkono ikakuta hitilafu hairudishwi hata siku moja. Weka 40. Alafu angalia inputi ya springi imechajiwa (springi ndo inayoifunga breka), inputi ya gesi ya SF6 iko chini (gesi inayozima moto ndani ya breka), swichi ya otoriklozi kwenye paneli iko wapi. Yote hayo huna haja ya kubahatisha, fungua rekodi ya matukio ndani ya rilei, soma mstari kwa mstari na saa zake, sababu ya lokauti iko mle kwa milisekunde. Ningependa fundi wa rilei azoee kusoma rekodi kabla hajagusa setingi yoyote.

Jambo lingine litakalokupata ukishafanikiwa. Utapima dedi taimu ya kwanza utapata 0.56 na utadhani rilei imepotea muda. Angalia kwanza rilei yako inaanza kuhesabu kutoka wapi. Kuna zinazoanza tripu inapoachia, kuna zinazoanza 52a inapogeuka, wewe kama umeanza kupima tangu tripu inatoka basi zile milisekunde 60 za breka umezijumlisha wewe mwenyewe. Soma kitabu cha rilei, pima kutoka nukta hiyohiyo, alafu ndo ulinganishe na uvumilivu ulioandikwa humo humo kitabuni.

Na kabla hujachomoa chochote upande wa CT (transfoma ndogo inayoipelekea rilei kerenti iliyopunguzwa), shoti kwanza upande wake wa sekondari, ule unaokwenda kwenye rilei. CT iliyoachwa wazi huku kerenti inapita inazalisha volti za kuua.

Swali: Hujambo mwalimu, niko Kisumu, nasomea stima na niko atachimenti na kampuni moja ya kupima rilei. Fomu yetu ya otoriklozi iko na mistari mitatu tu: imetripu, imerudi, imeenda lokauti. Supavaiza anasema hiyo inatosha. Inatosha kweli? (Mwanafunzi, Kisumu)

Jibu: Haitoshi, na nakupongeza kwa kuuliza. Hiyo mitatu inapima siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri. Otoriklozi inaumiza watu na vifaa siku inaporudisha mahali ilipotakiwa ikatae, kwa hiyo kwangu mimi zaidi ya nusu ya testi inatakiwa iwe ya kukataa.

Za kurudisha zenyewe zina mambo yake. Jaribu hitilafu inayoisha baada ya jaribio la kwanza, inayoisha baada ya la pili, na isiyoisha kabisa mpaka lokauti. Kisha piga kwenye mpaka wa riklemu, watu wengi hawagusi hapa. Tuchukue setingi za huyo mwenzako wa Tanga, riklemu 30. Hitilafu ya kwanza, breka irudi, alafu piga hitilafu nyingine sekunde ya 25, rilei inatakiwa iendelee na jaribio la pili. Rudia yote, mara hii piga sekunde ya 35, inatakiwa ianze upya na jaribio la kwanza. Ikikosea hapo, fida yenye tatizo la kurudiarudia kila baada ya nusu dakika itafungwa na kufunguliwa siku nzima bila kufika lokauti, na breka itachakaa bila mtu kujua. Kama fida ina fyuzi huko mbele na setingi inatumia kavu (mchoro unaopanga muda wa tripu kulingana na kerenti) ya haraka kwanza halafu ya polepole, hakikisha kwa macho yako kwamba baada ya jaribio la kwanza kavu imebadilika kweli, pima muda wa tripu kila jaribio na usiandike tu imetripu.

Sasa za kukataa. Fungua breka kwa mkono kwenye paneli: isirudi. Fungua kwa mbali kupitia skada (mfumo wa kompyuta wa kuendesha breka kwa mbali): isirudi. Funga kwa mkono juu ya hitilafu: itripu na isirudi. Tripu ya difarensho (ulinzi unaolinganisha kerenti inayoingia na inayotoka) ya transfoma au ya basibaa (vyuma vinavyounganisha laini zote sabstesheni): isirudi, maana transfoma ikipata hitilafu ndani haitapona kwa kusubiri nusu sekunde. Kukata mzigo kwa sababu frikwensi imeshuka: isirudi, utakuwa unarudisha mzigo uleule ambao mfumo umeshindwa kuubeba. Gesi iko chini katikati ya dedi taimu, springi haijachajiwa, breka imegoma. Na moja ambayo naipenda sana, zima DC ya rilei (umeme wa betri unaoiendesha) wakati inahesabu dedi taimu ya pili alafu iwashe: rilei inatakiwa iamke imetulia, isikurupuke kufunga breka. Kila moja iwe na mstari wake kwenye fomu, na kila mara mpe rilei sababu halali ya kutaka kurudi kisha weka kizuizi, la sivyo utaandika imekataa kumbe haikuwa hata imeanzishwa.

Ukipelekwa kwenye laini za usafirishaji, 132 au 220 kV, yanaongezeka. Pale kawaida ni jaribio moja tu. Tripu ya distansi (ulinzi unaokadiria hitilafu iko umbali gani) zoni ya 1, ile isiyochelewa, au ile inayosaidiwa na mawasiliano ya upande wa pili, inaanzisha otoriklozi, za zoni 2 na 3 zenye kuchelewa kwa kawaida hazianzishi, zipime zote. Upande mmoja unafunga kwanza laini ikiwa haina umeme, wa pili unasubiri sinkrocheki iridhike kwamba volti, frikwensi na pembe za pande mbili zimekaribiana. Hiyo unaijaribu kwa kuingiza volti mbili, ya basi na ya laini, unasogeza pembe pole pole mpaka rilei ikatae, unaandika namba, unasogeza upande mwingine pia maana kuna wanaopima upande mmoja tu. Na laini zinazofungua fezi moja peke yake dedi taimu yake inahitaji kuwa ndefu kidogo kuliko ya fezi tatu, kwa sababu fezi mbili zilizobaki na umeme zinaendelea kuulisha ule moto kwa kupitia kapasita iliyopo kati ya nyaya.

Mwisho kabisa breka yenyewe. Breka ya bandia haina springi wala koili iliyochoka. Ukipata ruhusa na laini imezimwa, fanya angalau mzunguko mmoja wa kufungua, kufunga, kufungua kwa breka ya kweli ikiwa pozisheni ya testi, na DC ya betri ya sabstesheni. Soma kibao chake. Viwango vya IEC 62271-100 vinataja mzunguko kama O-0.3s-CO-3min-CO, O ni kufungua na CO ni kufunga kisha kufungua, na kuna breka zinazokubali sekunde 15 badala ya dakika 3. Kama kibao kinasema dakika 3 na setingi ya jaribio la pili ni sekunde 15, usisaini, mpigie aliyekokotoa setingi. Pima pia mota inachukua sekunde ngapi kuchaji springi, ikichukua 18 na dedi taimu ni 15 jaribio la pili halitatokea milele hata fomu iwe nzuri namna gani.

Na kama mlifupisha riklemu ili kuokoa muda wa testi, rudisheni, kisha pakueni setingi kutoka kwenye rilei na mlinganishe na faili iliyoidhinishwa kabla ya kuondoka.

Swali: Asalaam alaykum bwana mhandisi. Nipo Unguja. Fundi mmoja kaniambia njia ya kebo ikitripu hairejeshwi yenyewe kama ile ya nguzo. Kwa nini, na ikiwa njia ni nusu kebo nusu nguzo inakuwaje? (Msomaji, Mjini Magharibi)

Jibu: Waalaykum salaam. Fundi wako kasema kweli. Unguja mnapata umeme wa bara kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ile ya 132 kV ya 100 MW iliyozinduliwa 2013, na Pemba wana yao ya 33 kV kutoka Tanga tangu 2010. Kwenye nguzo kinachotenga umeme ni hewa na hewa inajiponya. Kwenye kebo ni plastiki au karatasi yenye mafuta, ikishatobolewa imetoboka, ukirudisha umeme unasukuma kerenti ya hitilafu kwenye kidonda kilekile na unakipanua, na kebo ya baharini kuitengeneza kunataka meli. Basi kwa kebo tupu otoriklozi inazimwa.

Njia mchanganyiko ndo kazi. Namna nzuri ni kuipa sehemu ya kebo ulinzi wake wa difarensho, CT mwanzo na CT mwisho wa kebo, hitilafu ikiwa ndani ya hapo ishara inakwenda kuzuia otoriklozi, ikiwa nje, yaani kwenye nguzo, inaruhusiwa. Anayepima aigize zote mbili, na apige moja karibu kabisa na maungio ya kebo na nguzo. Tena akate ile njia ya mawasiliano makusudi aone rilei inafanya nini, mimi ningetaka mawasiliano yakipotea otoriklozi izuiwe, kwa sababu umeme kukosekana saa moja ni hasara ndogo kuliko kebo.

Swali: Mhandisi, sisi ni mafundi wa laini Morogoro, tunapanda nguzo. Tukifanya kazi karibu na laini yenye umeme tunaomba otoriklozi izimwe, wanatuambia kwa redio tayari imezimwa. Tutajuaje kweli imezimwa? Nina watoto. (Fundi wa laini)

Jibu: Kaka, swali lako nimelisoma kwa uzito wake. Otoriklozi ikiwa imewashwa na mtu akagusa, breka itafungua na itarudi kumpiga mara ya pili akiwa bado amening'inia pale. Kwa hiyo una haki ya kudai uthibitisho, na uthibitisho ni zaidi ya neno la redio.

Rikloza (breka za juu ya nguzo zenye otoriklozi yake) na rilei nyingi zina kitufe maalumu cha kazi ya laini yenye umeme. Kikiwashwa, kwa kawaida vitu viwili vinatokea kwa pamoja, majaribio yote ya kurudisha yanazimwa na tripu inakuwa ya papo hapo bila kuchelewa. Wenzetu wa rilei wanatakiwa kukijaribu kitufe hicho kwa kuingiza kerenti, wapime muda wa tripu na waone hakuna amri yoyote ya kufunga, hata ikitoka kwa mbali. Kikiwa kimewashwa kwenye paneli, skada isiweze kukizima, na aliyewasha ndo aondoe. Wewe omba cheti cha testi hiyo kwa fida unazopanda, na siku ya kazi omba mtu aliye kwenye paneli asome taa kwa macho, aweke kibao chake, ndo upande. Na kazi ya laini iliyozimwa ni nyingine kabisa, kitufe hicho hakichukui nafasi ya kutenga, kupima na kuweka ethi pande zote mbili, mtu yeyote akikwambia kinatosha shuka chini.

Nchi nyingine wamejifunza kuzima otoriklozi kwa gharama kubwa. Jimbo la Victoria kule Australia tarehe 7 Februari 2009 mioto ya nyika iliua watu 173, mingine ilianzishwa na nyaya za umeme, na tume ya uchunguzi ikapendekeza kwamba laini za waya mmoja zizimwe otoriklozi wiki sita zenye hatari zaidi kila msimu wa moto, na fida za 22 kV siku za katazo la moto ziruhusiwe jaribio moja tu.

Testi moja zaidi waambie waifanye mbele yako. Kitufe kikiwa kimewashwa, zima DC ya rilei, hesabu dakika moja, washa. Taa ya kitufe lazima irudi yenyewe ikiwa imewashwa, kisha waingize kerenti tena ili ionekane si taa tu. Kuna rilei ambazo kwa jinsi zilivyopangwa zinasahau na kuamka otoriklozi ikiwa imewashwa, na betri ya sabstesheni inaweza kuyumba saa yoyote wewe ukiwa juu. Ikisahau, msipande kwenye fida hiyo mpaka mantiki ya rilei irekebishwe na testi ya DC irudiwe ikiwa nzima.